Nilimfanya Shujaa Bila Idhini Yake

Kuna kijitabu cha mashairi kilichochapwa hapa Unguja kwa ajili ya sherehe moja ya kitaifa. Sikitaji jina, kwa kuwa waliokitoa hawana kosa. Kosa ni la aliyeyapitia mashairi kabla hayajakwenda mitamboni, naye ni mimi. Ndani yake mna shairi la vita vya Kagera lenye jina la askari mstaafu wa Fumba. Vina vimekaa, mizani haikupungua hata mahali pamoja, na nimepata kuwasikia wanafunzi wakilighani mbele ya wageni. Shairi hilo lina uongo ndani yake, na aliyeutia uongo huo si yule mzee.

Nimelikalia jambo hili muda mrefu. Nimewahi kulisema nusu nusu barazani, nikalifanya mzaha, watu wakacheka, tukaendelea na kahawa. Kosa lilifanywa kwa kalamu na likapigwa chapa, basi na maungamo yake yawe vivyo hivyo.

Nilikuwa msomeshaji wa fasihi ya Kiswahili, wa kizazi kilicholelewa na kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Kwangu shairi lilikuwa mizani kumi na sita kwa mstari, nane huku na nane kule, kina cha kati na kina cha mwisho, basi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wakubwa zetu waligombana juu ya tungo zisizo vina kwa ukali ambao leo ni vigumu kuusadiki, na mimi nilirithi upande wa ugomvi ule bila kuuliza ulianzia wapi. Mtu akinikabidhi shairi, jicho langu lilikwenda kwenye vina kwanza. Maana nilikuwa nikiifikia baadaye, nikibakiwa na nafasi.

Juu ya mashairi ya vita nilikuwa na hotuba yangu niliyoipenda. Nilikuwa nikisema kwamba Ulaya walioandika vita ni askari wenyewe, na kwetu walioandika vita ni watu waliokaa nyumbani. Nikianza na Wilfred Owen, kijana wa Kiingereza aliyepigana Ufaransa, akavurugika akili kwa mizinga mwaka 1917, akapelekwa hospitali ya Craiglockhart karibu na Edinburgh, akarudi vitani na kuuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla vita havijasimama. Alikuwa na umri wa miaka 25. Huyu aliandika gesi ya sumu, askari wanaotembea huku wamelala, damu inayobubujika kutoka kwenye mapafu. Nikimtaja Siegfried Sassoon, aliyewakejeli majenerali kwa beti, na Isaac Rosenberg, aliyeuawa Aprili mwaka huo huo wa 1918. Halafu nikiwalinganisha na Rupert Brooke, aliyefariki mwaka 1915 kwa sumu ya damu akiwa njiani kuelekea Gallipoli, kabla hajaishi kwenye mahandaki. Ndiyo maana tungo zake za vita zimetakata namna ile, nilikuwa nikisema, na hadhira ikitikisa vichwa.

Kisha nikigeukia kwetu. Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, juu ya vita vya zama za Mtume ambavyo yeye alivipokea kwa masimulizi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa upande wa Tanga alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, vita vilivyomfikisha Bushiri kwenye kitanzi pale Pangani mwezi Disemba 1889. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga juu ya Maji Maji, na utenzi wake ukachapwa mwaka 1933. Shaaban Robert aliandika utenzi mrefu wa vita vya 1939 hadi 1945 hali ya kuwa ni karani wa serikali, mtu wa meza na faili. Fumo Liyongo ndiye pekee aliyekuwa mpiganaji na mtunzi kwa pamoja, lakini tungo anazopewa yeye ni za majigambo, za gungu na za kifungo chake, na Liyongo mwenyewe nusu ni hadithi. Kwa hiyo, nikihitimisha, askari wetu hawakuandika. Walikwenda, wakafa au wakarudi, wakanyamaza.

Hakuna siku mtu aliinua mkono kuniuliza, "Mwalimu, umepata kumuuliza askari hata mmoja?"

Wa kumuuliza alikuwapo mwendo wa gari moja kutoka mjini. Fumba ni ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa chetu. Ukishapita uwanja wa ndege unashika njia ya Kombeni, Dimani na Bweleo, mpaka ardhi inakwisha mbele ya Ghuba ya Menai. Siku hizi watu wakisikia Fumba wanafikiria mji mpya wa maghorofa na majahazi yanayowapeleka watalii kisiwa cha Kwale. Fumba ninayoizungumza mimi ni ile ya wavuvi wa madema na kina mama wa mwani, ya nyumba za mawe na udongo chini ya minazi, ambako mstaafu wa jeshi ni mzee kama wazee wengine na hana alama yoyote ya kumtofautisha isipokuwa namna anavyoamka kabla ya adhana.

Nilimwita Ami, kama wengi pale kijijini walivyomwita. Yeye aliniita Mwalimu, ingawa kiumri alinizidi sana. Niliambiwa na mtu kwamba ana shairi, nikamwendea kwa kuwa kijitabu kilihitaji kitu cha Kagera na muda ulikuwa umebana. Alikuwa kibarazani anasuka dema. Hakuacha kusuka. Alimtuma mjukuu ndani, mtoto akatoka na daftari la skuli lililokunjwa kona, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada.

"Mimi si mshairi, Mwalimu," akasema. "Niliandika tu ili nisije nikasahau. Utatazama mwenyewe."

Nilitazama. Kilichonifurahisha kwanza, nakiri, ni kwamba ni tarbia.

Shairi lilianza mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Lilikuwa na malori, mvua, viatu vilivyooza miguuni, vijana wa mgambo ambao juzi tu walikuwa mashambani kwao. Lilipita Mutukula na Masaka. Kisha likafika Lukaya, na hapo ndipo nilipoharibu.

Kwa wasiolijua tukio, nilieleze kidogo. Lukaya iko kwenye njia ya kutoka Masaka kwenda Kampala, na barabara pale inapita katikati ya kinamasi kikubwa cha mafunjo. Tarehe 10 Machi 1979 brigedi yetu moja, yenye mgambo wengi wasiozoea vita, ilikutana pale na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya. Walibya wakafyatua makombora ya Katyusha. Makombora yalipita juu, mengi hayakumpata mtu, lakini sauti yake na moto wake usiku ule vilitosha. Watu walivunja mstari wakakimbia. Kesho yake usiku brigedi nyingine, ya 208, iliyokuwa imezunguka mbali kwa miguu, ilimpiga adui kwa nyuma, na Lukaya ikawa yetu. Kampala iliingiwa tarehe 11 Aprili. Si siri yoyote. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari waliofuatana na jeshi letu, waliyaeleza hayo katika kitabu chao cha mwaka 1982. Ningeweza kukisoma kabla ya kushika kalamu nyekundu. Sikukisoma.

Ubeti wa Ami ulikuwa hivi, na nauandika kama ninavyoukumbuka:

Usiku ule Lukaya, moto ulitushukia,
Giza na baridi mbaya, na sote tukakimbia,
Nilimshika mkono, mkono ukabaki.

Mstari wa nne siukumbuki. Nimejaribu kila njia na siukumbuki, na hilo nalo liingie kwenye hesabu yangu, kwa sababu siku ile niliusoma kwa jicho la kutafuta kosa, na yale niliyoona ni makosa ndiyo yaliyobaki kichwani.

Niliona nini? Niliona kwamba mstari wa tatu umeacha kina cha kati. Ilitakiwa "ya", imekuja "no". Niliona kina cha mwisho kimevunjika: ilitakiwa "ia", imekuja "ki". Niliona kipande cha pili kina mizani saba badala ya nane. Hesabu mwenyewe. Nikaweka alama tatu pembeni kwa wino mwekundu, nikaendelea mbele, na maneno niliyokuwa nikiyawekea alama yalikuwa yanasema kwamba mtu alimvuta mwenzake gizani na kilichomjia mkononi ni mkono peke yake.

Usiku huo, mezani kwangu mjini, nikautengeneza ubeti. Mstari wa pili ulikuwa mzima kwa vina na mizani, lakini haukunipendeza kwa jambo jingine: ile "tukakimbia". Kijitabu ni cha sherehe, nilijiambia. Watasoma wakubwa, watasoma watoto. Nikaandika "mbele tukakimbilia". Mizani nane, kina "ia", na kukimbia kumegeuka kuwa shambulio. Nilijipongeza. Mstari wa tatu nikaufuta wote, nikauandika upya: "Rafiki yangu wa kaya, nchi akaifidia". Neno "kaya" nililitafuta kwa ajili ya kina tu, kama wanavyolitafuta watungaji wavivu wote. Baadaye nilikuja kujua kwamba yule rafiki hakuwa wa kaya ya Ami wala wa kijiji chake wala wa kisiwa hiki. Alikuwa mtu wa Songea. Walijuana kambini.

Sikumrudishia Ami akaone kabla ya kuchapa. Njia ya Fumba si ndefu. Nilisema muda hautoshi.

Siku ya kukizindua kijitabu, Ami aliletwa na gari, amevaa kanzu na koti na kofia ya viua. Alipewa kipaza sauti asome. Alikisogeza kijitabu mbali kidogo na macho, akasoma beti za mwanzo vizuri tu, kwa sauti ya chini, bila madoido. Alipofika Lukaya alisoma mstari wa kwanza. Akaanza wa pili, akasita. Akasoma kimoyomoyo, midomo inakwenda. Kisha akakifunga kijitabu na kusema mistari yake mwenyewe kwa moyo, ule wa kukimbia na ule wa mkono, halafu akarudisha kipaza sauti na kukaa. Mshereheshaji alidhani mzee amesahau, akapiga makofi ya kumliwaza, na ukumbi wote ukamfuata. Mimi nilikuwa safu ya mbele. Nilipiga makofi pia.

Nilimfuata nje wakati wa chai.

"Ami, shikamoo. Pale vina vilikuwa vimepotea, nikavirejesha kidogo."

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Mimi nilivitafuta sana vina pale. Sikuvipata. Nikaona basi, na iwe hivyo."

"Nilidhani nakusaidia."

"Na hii ya kwamba tulikimbilia mbele?"

Nikasema kitu juu ya heshima ya jeshi, juu ya watoto.

"Wenzangu wako hai wengine," akasema. "Wakisoma watasema naikana ile mbio. Sisi tuliokimbia tunajuana, Mwalimu. Wewe umenitoa kati yao."

Hakukasirika. Alimaliza chai yake na kuuliza gari ya kumrudisha iko wapi. Ningeweza pale pale kwenda kwa waliochapa na kuomba karatasi ya masahihisho itiwe ndani. Sikwenda. Nilijiambia kwamba mzee amezeeka, kwamba shairi likishatoka ni la wasomaji, kwamba hakuna mtu mwingine aliyegundua. Hizo zote ni sababu nzuri kwa mtu anayezitaka.

Kilichonirudia ni ile hotuba yangu mwenyewe, kwa njia ambayo sikuitazamia. Nilikuwa nikimsomesha tena Owen na safari hii nilitaka kueleza ufundi wake, sio maisha yake tu. Mtu huyu alikuwa bingwa wa vina. Angeweza kuvifunga akitaka. Lakini katika baadhi ya mashairi yake makubwa ya vita alivilegeza kusudi: konsonanti zinalingana, irabu zinakataa, sikio linangoja mlio unaofanana na linapewa mlio uliopinda. Msomaji anapita ubeti baada ya ubeti bila kupata raha ya kina kilichotimia. Wahakiki wameandika mengi juu ya ufundi huo, na mimi nilikuwa nauandika ubaoni, nausifu, nawaambia wanafunzi kwamba vita haviingii katika vina vilivyonyooka, wakati kwenye shelfu langu kimelala kijitabu ambacho ndani yake nimemnyoosha askari wa Fumba.

Owen alivunja kwa kusudi, Ami alivunja kwa kukosa. Tofauti hiyo ipo na siifuti. Lakini sikio halijui kusudi ya mtu. Mizani inayopungua mahali pale, baada ya mistari miwili iliyokamilika, inamkata msomaji pumzi hata kama mtungaji alikuwa amechoka tu kutafuta neno.

Na kuna la kuumiza zaidi. Owen naye alikuwa na mhariri. Pale Craiglockhart alikutana na Sassoon, mkubwa wake kwa umri na kwa jina, na Sassoon aliyapitia mashairi yake kwa kalamu. Karatasi zipo hadi leo, mkono wa Sassoon unaonekana juu ya mistari ya Owen. Owen alipouawa, akiwa amechapisha mashairi machache mno, Sassoon aliandika utangulizi wa kitabu chake kilichotoka mwaka 1920. Kusahihisha shairi la askari basi si dhambi. Sassoon alikuwa ametoka huko huko, alijua mkono uliokatika ukoje, na kalamu yake ilimsukuma mwenzake aseme zaidi. Yangu ilimnyamazisha.

Mtu ninayefanana naye ni Rudyard Kipling. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari katikati ya Dar es Salaam, pahala ilipokuwa sanamu ya Hermann von Wissmann, Mdachi aliyeletwa kuvunja vita vya Bushiri. Yule askari wa shaba yupo bado, ameinama na bunduki yenye singe, ameelekea bandarini. Maandishi ya chini yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na ya Kiingereza aliyatunga Kipling. Hakupigana Tanganyika. Hakuwa askari kabisa. Alikuwa na msiba wake wa kweli, kwani mwanawe John alipotelea kwenye mapigano ya Loos mwaka 1915 baada ya baba mwenyewe kumtafutia nafasi jeshini. Lakini waliokufa katika vita vile vya Afrika Mashariki wengi walikuwa wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu inayotajwa sana ni karibu 95,000, waliouawa zaidi na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Ukilitazama lile sanamu huwezi kujua kwamba vita vile viliua watu kwa kuhara. Limetengenezwa vizuri mno.

Nikaanza kuirudia hotuba yangu kwa jicho jingine, na nikaona ilikuwa mbovu tangu msingi. Askari wetu waliandika. Katika Vita Vikuu vya Pili walikuwa na magazeti yao ya Kiswahili, Askari na Heshima, na humo mlikuwa na barua na mashairi. Waliandikia na gazeti la Mambo Leo. Mimi nilikuwa nimesikia habari za tungo za namna hiyo na kuzidharau, kwa kuwa zilikuwa salamu kwa wazee, kuikumbuka nyumbani, kumsifu afande. Nikasema: tazama, hawana la kusema juu ya kutisha kwa vita. Sikujiuliza gazeti la jeshi, lenye afisa anayelipitia, lingechapa nini kingine.

Chukua meli ya Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwezi Februari 1944 kuelekea Colombo, imejaa wanajeshi, wakiwamo askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa karibu watu 1,300. Walioponea wakawa wanaelea, na nyambizi ikajificha chini yao. Manowari za Waingereza zilizokuwa zikisindikiza msafara zikaamua kuitoa kwa mabomu ya kina cha maji, na mabomu hayo yakaangushwa pale pale watu walipokuwa wakiogelea. Sasa fikiria kijana wa Kiswahili aliyetolewa majini siku ile, anajua kutunga, anataka kulituma shairi kwenye gazeti la jeshi. Afisa wa kupitia barua angelifanya nini? Angelifanya nililolifanya mimi kwa Ami, tena yeye angalau alikuwa na amri. Mimi sikuamrishwa na mtu. Hakuna aliyenipigia simu kuniambia ubeti wa Lukaya hauingii. Nilijipa uafisa mwenyewe.

Na yale yasiyochapika yalikwenda njia nyingine, mbele ya macho yangu tangu utotoni. Ngoma ya beni ilishika Lamu na Mombasa kabla ya vita vya 1914, kwa mashindano ya vikundi vya Marini na Arinoti, na askari na wapagazi wakaichukua wakaieneza bara. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Sisi Unguja tunayo beni ya mbwa kachoka: tarumbeta, ngoma kubwa, watu wazima wamevaa vichekesho, wanakwenda kwata lililopinda makusudi. Nimelicheka kwata lile maisha yangu yote kwenye harusi na sikukuu. Haikunipitikia akilini kwamba watu waliokwisha kuburutwa kwenye gwaride la mkoloni wangeweza kulirudia gwaride hilo likichechemea, na kwamba kuchechemea huko kuna habari ndani yake. Nilikuwa nikiingojea habari hiyo ije kwa tarbia.

Nilipokwisha kuyaona haya nilikwenda Fumba. Nilichelewa. Ami alikuwa amekwisha kufariki na arubaini imepita. Bintiye alinikaribisha kwa heshima ambayo sikuistahili, akanipa chai na mkate wa kumimina, akanionyesha kijitabu kile kimewekwa kabatini juu, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Nikamuuliza daftari. Akaniambia, "Si ulilichukua wewe, Mwalimu? Baba alisema liko kwako."

Lilikuwa kwangu. Nililichukua siku ile ya kibarazani ili ninakili, na baada ya kijitabu kutoka sikuliona tena haja. Nimepindua nyumba. Lilikwenda na karatasi nyingine za kazi ile, zilizouzwa kwa wauza karanga au zilizochomwa, sijui. Shairi lote la Ami, beti zote ambazo sikuzichapa kwa sababu ya nafasi, lilikuwa humo peke yake.

Sikumwambia binti habari ya mistari. Nilishindwa. Atayasoma hapa, na namwomba radhi yeye na ndugu zake, na wenzake Ami wa Lukaya walio hai, niliowafanya wakimbilie mbele usiku ambao hawakukimbilia mbele.

Wenye kijitabu kile nawaomba hivi. Tafuteni ubeti wa Lukaya. Mstari wa pili na wa tatu ifuteni kwa wino usiofutika, na pembeni andikeni aliyosema mwenyewe kama nilivyoiweka hapo juu, kwa mizani yake saba. Mstari wa nne uliochapwa ni mabaki ya wake niliyoyanyoosha yafuate vina vyangu, na wa kweli hakuna tena anayeujua, basi nao muufute, na mahali pake msiandike kitu. Na kama mna mzee aliyepigana popote, Kagera au Burma, ana daftari, linakilini na makosa yake yote, mumrudishie lake siku hiyo hiyo.